Nyuzi Ishirini na Sita

Katika stesheni kubwa ya mji ule, Zamda aliuza tiketi akiwa amevaa sweta, ilhali nje watu walijifuta jasho. Mchana mmoja, mwanamume mwenye kipimajoto alisimama dirishani pake.

"Dada, unaumwa?"

"Siumwi. Kiyoyozi hiki kimenishinda, nimeshaandika barua ya kuomba uhamisho. Nikimpata fundi wake, atanitambua!"

"Ndiye mimi," alisema kwa aibu. "Naitwa Mhando. Nilidhani abiria wanapenda baridi."

Zamda alicheka mpaka machozi yakamtoka. Mhando alikwenda moja kwa moja kwenye mitambo, akapandisha nyuzi kutoka kumi na nane hadi ishirini na sita. Wazee mabenchini wakajifunua mashuka. Hata umeme uliotumika ukapungua, wakubwa wakampongeza.

Siku ya tatu alirudi, akapanga foleni kama abiria.

"Unakwenda wapi, kaka Mhando?"

"Siendi popote. Nimekuja kuuliza kama umepata joto."

"Nimepata," Zamda alisema polepole. "Ile barua nimeichana."

Mama aliyekuwa nyuma ya Mhando aliwatazama wote wawili, kisha akatua mzigo wake sakafuni, akaukalia.