Nguzo ya Daraja la Nyumbani

Siku mto ulipomchukua, fundi wa kupaka rangi alikuwa amebakiza nguzo moja tu. Madaraja ya visiwa vya mto huo aliyaanza kwenye kisiwa cha mbali, ili kazi imwishie mlangoni kwake. Nguzo hiyo ilikuwa mbali na mkono; akafungua kamba ya kiunoni aifikie.

Wazamiaji walipokata tamaa, msimamizi alimfuata mke wa fundi huyo darajani.

"Shemeji, twende nyumbani. Kesho barabara inafunguliwa. Nitaleta fundi mwingine aimalizie."

"Nani? Yule aliyekuwa akimwita mume wangu kobe?"

Mke aliokota brashi. Ilikuwa imekauka, ngumu kama mfupa. Akailoweka, akaifikicha kwa vidole mpaka ikalainika, kisha akajifunga kamba kiunoni.

"Shika hapa, shemeji. Usiachie."

Sasa watu husimamisha magari pale kupiga picha za mto. Mwili wa fundi haujapatikana.