Vidonge vya Nurdin

Sabina alikuwa amekwisha kumimina vidonge vya Nurdin kwenye upindo wa khanga yake aliposikia kengele ya baiskeli nje. Akaganda. Baiskeli ikapita. Haraka akafungua chupa ya mumewe aliyokuja nayo, akavimimina vidonge vyake kwenye chupa tupu ya Nurdin. Vya Nurdin akavitia kwenye ile ya mumewe. Vilifanana rangi, ukubwa, kila kitu. Akairudisha chupa juu ya kabati, akatokea mlango wa uani. Wenye nyumba walikuwa shamba, wakipalilia mikorosho.

Hata huko kupalilia kwao kulimchoma.

Miezi mitatu iliyopita, Nurdin na jirani yake Lameck, mume wa Sabina, walikuwa wagonjwa sawasawa. Figo zimechoka, damu imepungua. Hakuna kati yao aliyeweza kufika kisimani bila kupumzika njiani. Wakaingizwa pamoja kwenye utafiti wa dawa mpya, kliniki moja ya Masasi, na Daktari Scholastika akawaeleza wao na wake zao.

"Mwilini kuna kimeng'enya, ni kama mlinzi anayenusa hewa. Akiona oksijeni inatosha, anauzuia mwili usitengeneze damu zaidi. Dawa hii inamtuliza mlinzi huyo, damu itengenezwe. Tena tutakuwa tunampima kila mwezi, atuonyeshe ugonjwa unaelekea wapi."

"Watapewa wote?" Sabina aliuliza.

"Hapana, mama. Nusu watapata dawa, nusu vidonge vitupu vinavyofanana nayo. Hata mimi sijui nani amepata vidonge gani. Na tafadhali, mtu asimeze vya mwenzake."

Walirudi kijijini Chiungutwa pamoja, kila mgonjwa na chupa yake. Mwezi wa pili Nurdin alikuwa akicheka hadi anasikika barabarani. Mwezi wa tatu akapanda Newala kwa baiskeli kuwasalimu wakwe zake. Lameck, aliyefundisha kwaya ya kanisa miaka ishirini, hakuweza tena kumaliza ubeti mmoja bila kuhema.

Sabina hakumwombea Nurdin mabaya. Alichotaka kujua ni kwa nini yeye. Kila jioni alimsikia mke wa Nurdin, Mama Jafari, akimwita mumewe aache kupasua kuni, ugali unapoa. Sauti ile ilimwingia kama chumvi kwenye kidonda.

Waliporudi na chupa za mwezi wa nne, Nurdin na mkewe walikuja kumjulia hali Lameck. Walileta kuku.

"Shikamoo, mwalimu," alisema Mama Jafari.

"Marahaba, shemeji. Mwenyewe unaniona."

Nurdin alikaa naye barazani, akamshika mkono. Mama Jafari akaingia ndani kumtandikia mgonjwa kitanda, akakawia. Sabina, akinyonyoa kuku jikoni, alimsikia akisogeza vitu. Anatuchungulia, aliwaza. Amekuja kuona tumebakiwa na nini, akacheke kwake. Yule kuku hakumwonja.

Kesho yake ndipo alipoingia nyumbani kwao na chupa ndani ya khanga.

Tangu siku hiyo alimmezesha Lameck kwa mkono wake mwenyewe, halafu akamgeuza viganja kutazama kama vimeanza kuwa na rangi. Wiki ya kwanza ikapita. Ya pili. Lameck akaacha kutoka barazani. Upande wa pili wa ua Nurdin alikuwa juu ya banda la mbuzi, anaezeka, anapiga mluzi. Sabina alimtazama mpaka macho yakamuuma. Kumbe huyu hata akimeza vidonge vitupu anapata nguvu! Na kwa hilo pia alimwonea wivu.

Mwisho wa mwezi Lameck alipelekwa Masasi hajiwezi. Damu ilikuwa imeshuka kuliko siku ya kwanza, na akatundikiwa chupa ya damu mchana huohuo. Daktari Scholastika aliyasoma majibu mara mbili, akatikisa kichwa, akaenda zake. Sabina alibaki kwenye benchi nje ya wodi. Alikuwa amekata shauri: atasema yote, liwalo na liwe.

Mama Jafari akaja na chupa ya chai, akaketi kando yake. Macho yake yalikuwa yamevimba.

"Mama Jafari," Sabina alianza, "nina neno nataka kukuambia."

"Niache nianze mimi, Mama Trevor. Hili jambo halinipi usingizi." Akashusha sauti. "Siku ile tulipokuja na kuku, niliingia ndani nikabadilisha vidonge: vyetu kwenye chupa yenu, vyenu kwenye yetu. Baba Jafari mwenyewe ndiye aliyenituma. Alisema, 'Mimi nimeshapata nguvu, acha na mwalimu apate.' Tulimpa vyetu vyote, mwezi mzima. Sasa sijui kwa nini vimemkataa."