Gari la Viti Viwili

Injini iliponguruma, Ngwali alilia machozi mbele ya majirani. Tangu mafuriko, gari lake jekundu la michezo lilikuwa limejaa tope, na mtaa mzima ulimshauri awauzie watu wa vyuma chakavu. Yeye akalifungua lote, akakaa kulisugua kwa mswaki, kifaa kimoja kimoja.

"Mama Zaina!" akaita toka kwenye usukani. "Vaa, nikutembeze!"

Mkewe alitoka na kanga mpya, wanja machoni. Akafungua mlango, akasita. Kwenye kiti chake kulikuwa na kuku, aliyetaga humo milango ilipokuwa imeng'olewa. Alikuwa akiatamia, wala hajali mngurumo.

"Mtoe huyo," Ngwali alisema.

"Baba Zaina, kuku anayeatamia hahamishwi. Akishtuka atasusa mayai."

Majirani wote wakaafiki. Ngwali akajikuna kichwa. "Sasa utakaa wapi?"

Mama Zaina, aliyewahi kuendesha trekta la ushirika, akazunguka upande wa pili. "Shuka."

"Mimi ndiye niliyelitengeneza!"

"Na mimi watu wameshaniona nimevaa."

Akashuka. Gari likaondoka taratibu, likashika mteremko wa sokoni, kuku akitazama mbele kama bibi harusi.

Hapo ndipo Ngwali alipokumbuka kwamba breki alizianika uani, juu ya uchanja wa vyombo, na hajazirudisha.

Akatimua mbio nyuma ya gari, akipunga mikono yote miwili na kupiga kelele kwa kunong'ona, asije akamshtua kuku.