Transfa ya Rinzing

"Shemeji, sogeza beseni, oili inamwagika!"

Suntali alisukuma beseni kwa mguu. Rinzing alikuwa amelala chali chini ya Landrova ya marehemu, na miguu yake tu ndiyo iliyoonekana. Siku ya thelathini na nane hiyo tangu mumewe, Jangbu, afe. Gari lake lilivutwa kwa kamba kutoka bondeni lilikotumbukia naye, bati likanyooshwa kwa nyundo. Sasa lilikosa transfa tu, lile boksi la chuma nyuma ya gia linalogawa nguvu kwa magurudumu ya mbele na ya nyuma. Iliyokuwemo ilipasuka.

Chama cha madereva kilishasema: gari lisipopanda mlima kabla ya siku ya arobaini na tisa, mwisho wa matanga, zamu ya Jangbu ya kubeba abiria anapewa mwingine. Kaka yake Suntali alikuwa tayari kuliendesha. Bila zamu, Suntali na bintiye Phulmaya wangekula nini, mawe? Na transfa ya gari la mwaka hamsini na sita huipati dukani. Unaing'oa kwenye gari jingine, na hilo jingine linakuwa banda la kuku.

Ndiyo maana Rinzing, dereva mwenzake marehemu mwenye Landrova kama hiyo, aliposema, "Chukua yangu, nipe hiyo mbovu," Suntali alidhani anataniwa.

"Una wazimu? Na wewe utaishi vipi?"

"Nitafuga kuku, shemeji."

"Kuku gani! Watakukimbia kwa hiyo harufu ya grisi."

Alicheka, mara ya kwanza tangu msiba, kisha akalia. Nani hutoa kizima akapokea kibovu? Kijiji kizima kilikuwa kimemsengenya Jangbu. Gia ilikutwa frii, basi wakasema alishuka mlima frii ili abane mafuta, kajiua mwenyewe. Jangbu huyo huyo aliyewafokea wenzake kwa kosa hilo! Tena ilikuwa siku mbili tu tangu atoke hospitali, na homa yenyewe haijamwisha vizuri.

"Transfa yangu haijawahi kuruka gia ikabaki frii," Jangbu alikuwa akijigamba. Iliyokuwa ikiruka ni ya Rinzing. Kila akishuka mlima aliufunga mkono wa gia kwa mpira wa tairi usichomoke, hadi alipoitengeneza wiki zile Jangbu amelazwa, magari yote mawili yakiwa uani kwa Rinzing.

Boksi lililopasuka lilishuka taratibu kwenye jeki. Suntali akainama. Madereva wa huko hugonga jina la mzaliwa wa kwanza ubavuni mwa transfa, kwa patasi. Jangbu aligonga la Phulmaya siku aliyozaliwa, na kwa furaha na pombe herufi zote zikapinda.

"Ngoja kwanza, nipapase jina la mwanangu."

"Mawe yamelila, shemeji. Halisomeki." Rinzing alikuwa ameshalifunika kwa gunia.

"Hata hilo!" Suntali akafuta macho. "Ila wewe tu ndiye hukumsema vibaya."

Rinzing akarudi kukaza bolti. Chai ya siagi aliyotengewa ilipoa mpaka ikaganda. Tangu mazishi alikuwa hajatia kitu kinywani katika nyumba ile.

Alasiri transfa ya Rinzing ikawa imefungwa, injini ikawaka. Kaka mtu akalipandisha gari kilimani na kulishusha mara tatu, gia imekaza haitikisiki. Majirani wakapiga makofi. Suntali akatoa kitambaa cheupe cha heshima, akanyoosha mikono amvishe Rinzing shingoni.

Rinzing akarudi nyuma. "Usinivishe, shemeji. Nakuomba."

Akabeba mgongoni gunia lenye boksi lililopasuka, akaondoka bila kuaga.

"Mtu gani huyu, hataki hata shukrani!" Suntali alisema. Basi kama mtoaji kakataa kitambaa, kitavaliwa na zawadi. Alitambaa chini ya gari, akakifunga kwenye transfa, kama Jangbu alivyofanya kila sikukuu ya vyombo vya kazi. Mtoto wa kwanza wa Rinzing aliitwa Sonam. Alitaka alisome jina hilo, amwombee mtoto wa watu.

Ubavu ulikuwa umepakwa grisi nzito. Akaifuta kwa pindo la aproni, polepole, mpaka herufi zikatokea moja moja, zote zimepinda: PHULMAYA.