Mitungi ya Shogun

Oyone alikuwa amepiga magoti matopeni, paji la uso chini, mwanawe mwenye homa mgongoni. Nyumba ya tabibu ilikuwa ng'ambo ya barabara, hatua ishirini tu. Lakini mitungi ya chai ya Shogun, jemadari anayetawala nchi nzima, ilikuwa inapita ikibebwa kwenye machela, na anayekatiza mbele yake hukatwa kichwa.

Pumzi za mtoto zilimchoma shingoni, fupi fupi.

"Hiyo chai wameitoa wapi?" Oyone alinong'ona.

"Chai gani, mwanangu? Mitupu hiyo," alijibu bibi jirani, midomo ikigusa tope. "Ndiyo kwanza inakwenda kujazwa."

Machela ya mwisho ilipita taratibu. Watu wakainuka, wakajipangusa magoti.

"Haya, vuka upesi. Njia nyeupe," bibi alimhimiza.

Oyone hakuinuka. Shingo yake, pale pumzi zilipokuwa zikimchoma, ilikuwa imepoa.