Pointi za Baba

Cyrus alikuwa amepiga magoti mbele ya tairi la kushoto, sarafu ya shilingi ishirini mkononi, akijaribu kuizamisha kwenye mistari ya mpira. Haikuzama popote. Tairi lilikuwa na miezi minane tu, na tayari ukingo wake wa nje ulikuwa kipara kitupu. Akajipapasa kichwa, akakuta hali ni ileile, akacheka peke yake.

"Bro, hizi tairi zimekulwa," alisema Paul, Mkenya mwenzake huko Uarabuni, fundi wa matairi kwenye gereji za mtaa wa Muaither. "Cheki hii side yote. Mwenye anaendesha hii gari anakata kona ni kama ameiba kuku."

"Ni mdosi mwenye ameniajiri," Cyrus akanong'ona. "Ijumaa ni off yangu. Nikienda kanisani, gari inabaki na yeye."

Paul akamwangalia, kisha akaliangalia tairi. "Na brake pads zimeisha. Hizo pia ni za Ijumaa?"

"Kila kitu ni ya Ijumaa."

Ndivyo Cyrus alivyoamini, na kwa miaka miwili alikuwa ameubeba msalaba huo bila kunung'unika. Kila dereva wa kuajiriwa majumbani aliyemjua alikuwa na hadithi kama hiyo. Kamera ya barabarani ikilipiga gari picha, ujumbe huingia kwenye simu ya mwenye gari. Mwenye gari huzihamishia pointi za kosa kwa dereva, na dereva mwenye adabu haulizi ni nani aliyekuwa kwenye usukani.

Baba, kama alivyomwita mwajiri wake, alikuwa mzee mrefu na mpole. Kila kosa lilipoingia, alimwonyesha Cyrus simu iliyojaa Kiarabu ambacho Cyrus hakuweza kukisoma, huku akitazama pembeni kwa aibu.

"Cyrus, samahani. Imekuja nyingine."

"Hakuna shida, Baba. Weka kwangu."

Kila mara Cyrus aliondoka hapo kifua mbele, akijiona mtakatifu. Alimhurumia sana mzee wa watu. Utajiri wote ule, na kona zinamshinda! Lakini hakumnyima sifa zake. Pamoja na miguu yake mirefu, kila Ijumaa Baba alikiacha kiti palepale Cyrus alipokiweka, na nyimbo za injili kwenye redio ziliendelea kutoka pale zilipoishia. Waajiri waungwana namna hiyo ni wachache.

Yeye mwenyewe hakuwa na doa. Shahidi wake alikuwa Hadijah, mpishi wa nyumba, Mganda. Akipelekwa sokoni, Hadijah alisema "Bismillahi" getini, akafumba macho, na hakuyafumbua mpaka sokoni Al Sadd, ambako alisema "Alhamdulillahi" kwa sauti iliyotoka tumboni. Cyrus hakuwa amewahi kumpakia mwanamke mcha Mungu kiasi kile. Baba naye, akiwa abiria, aliushika mpini wa mlango kwa mikono miwili na kurudia "shwai shwai, Cyrus," yaani polepole. Wazee ndivyo walivyo, Cyrus alijiambia, na kukanyaga mafuta kidogo wasije wakachelewa.

Shida ni kwamba pointi zikifika kumi na nne, leseni hufungiwa miezi mitatu. Cyrus alikuwa nazo kumi na mbili. Na jana asubuhi, baada ya Cyrus kumrudisha kutoka mtaa wa The Pearl, Baba alikuwa amemjia tena na ile simu: kosa jipya, pointi tatu.

"Tutazungumza kesho," Baba alikuwa amesema.

Cyrus akapiga hesabu: kumi na tano. Nani atamlisha dereva asiyeendesha kwa miezi mitatu? Angepandishwa ndege kurudi kwao Nakuru, na huko Nakuru mkewe Milka alikuwa ameshawaambia akina mama wote wa kanisa kwamba mumewe ni dereva mkuu. Mkuu wa nani, ilhali alikuwa peke yake? Hilo Cyrus hakuwa amewahi kumsahihisha. Aliogopa, tena aliogopa vibaya, na alijiona mjinga kwa kukubali kuzamishwa kwa makosa ya mwingine.

Alimlipa Paul, akarudi nyumbani na matairi mapya, akamkuta Baba majlisini, sebule ya kupokelea wageni, na kikombe cha kahawa. Akavua viatu mlangoni. Hotuba aliyoipanga njia nzima ikamtoka kichwani.

"Baba, nimekufanyia kazi vizuri?" aliuliza kwa kile Kiingereza chao cha kuokoteza.

"Vizuri. Wewe ni mwaminifu."

"Nimewahi kukataa pointi hata moja?"

"Hujawahi. Nashukuru kwa hilo. Wengine hubisha."

Cyrus akapata nguvu. "Basi naomba, Baba. Hizi tatu uzibebe wewe. Za nyuma zote nimezibeba, na sitamwambia mtu mpaka naingia kaburini. Lakini hizi zikija kwangu, nimekwisha. Na usione aibu. Kila mtu hukosea barabarani, hata mtu mkubwa. Ijumaa barabara iko tupu, mguu unajisahau tu..."

Baba akakiweka kikombe chini. Safari hii hakutazama pembeni.

"Cyrus," alisema taratibu, "leseni yangu ilifutwa mwaka mmoja kabla hujaja, na tangu siku hiyo sijagusa usukani. Kwani ulidhani nilimwajiri dereva kwa nini?"