Mafua ya Hedimasta

“Inua ulimi.”

Hedimasta, aliyestaafu baada ya kuchapa viboko nusu ya mtaa, akainua ulimi. Vidonge viwili vilikuwa vimejibanza hapo chini kama watoro wa shule.

“Meza,” mwanamke akasema, akamsogezea kikombe cha maji.

Akameza, huku akimkata jicho.

Hedimasta hakuwa na kifua kikuu, hilo alilisema wazi. Kifua kikuu ni ugonjwa wa watu wasio na sabuni wala elimu. Yeye alikuwa na mafua tu. Mafua ya miezi minne, yenye makohozi ya damu, yaliyomkondesha mpaka suruali akawa anaifunga kwa tai.

Zahanati ya mtaa ilikuwa na nesi mmoja, darubini moja, na bango kubwa la waziri anayetabasamu kwamba ugonjwa umedhibitiwa. Kwa kuwa bango halikuweza kupita nyumba kwa nyumba na dawa, kazi hiyo walipewa watu waliowahi kuugua wakapona. Mwanamke huyu alikuwa mmoja wao. Wenzake wote walimkimbia Hedimasta kwa sababu ya mdomo wake. Yeye akasema, “Nipeni mimi.”

Kila asubuhi alianza na madirisha. La sebuleni lilikuwa linakwama. Alilipiga ngumi moja pembeni, likaachia.

“Majirani wataona!” Hedimasta alifoka.

“Wameshasikia, Mwalimu. Unakohoa kama trekta.”

Siku ya pili mkojo wake ukageuka rangi ya chungwa. Akapiga kelele kwamba amelishwa sumu.

“Ni dawa hiyo,” mwanamke akasema. “Ningetaka ufe, ningekuachia mafua yako.”

Mwezi wa tatu mwili ulirudi, na Hedimasta, kwa busara ya miaka thelathini ya kushika chaki, akaamua kwamba amepona.

“Umesoma mpaka darasa la ngapi wewe?” aliuliza kupitia upenyo wa mlango.

“La saba. Fungua.”

Akafunga kwa komeo. Mwanamke akaketi kizingitini, mvua ikimnyeshea, vidonge vikiwa mkononi ndani ya mfuko wa nailoni. Saa nne mlango ukafunguliwa. Si kwa huruma: majirani walikuwa wameanza kumletea kiti na mwavuli, na kila mmoja akiuliza kulikoni.

Tangu siku hiyo Hedimasta alimeza bila vita. Asante hakusema, lakini madirisha alianza kuyafungua mwenyewe.

Mwezi wa sita ulipokwisha wakaenda zahanati pamoja. Nesi, mgeni aliyehamia juzi tu, akasoma majibu.

“Hongera, Mwalimu. Makohozi ni safi, umepona kabisa.” Akavuta fomu. “Imebaki nafasi moja haijajazwa. Huyu aliyekusimamia ni nani kwako?”

Hedimasta akatazama sakafu. Akakohoa kidogo, kikohozi cha aibu tu.

“Andika mke wangu.”

“Andika mhudumu,” mwanamke akamsahihisha. “Mke nilikuwa zamani, mpaka aliponitupia virago nje kwa kosa la kukohoa.”